Kufundisha na kuishi Korat, Thailand, kwa baht 25,000: jibu kwa mwalimu wa Songea

Swali lenyewe kwanza, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dada. Mi ni mwalimu wa sekondari niko Songea, nina shahada ya ualimu. Nimepata kazi ya kufundisha Kiingereza kwenye shule moja Nakhon Ratchasima huko Thailand, mshahara baht 25,000 kwa mwezi, mkataba wa mwaka. Ajenti anasema niingie na viza ya utalii alafu watabadilisha nikishafika. Hiyo hela inatosha kweli? Na maisha ya kila siku kwa Mwafrika yakoje, wanatupokeaje? Usinifiche."

Marahaba mdogo wangu. Sikufichi kitu. Kazi yangu huku Isan, yaani kaskazini mashariki ya Thailand, ni makaratasi ya walimu wa kigeni, nazunguka nayo kati ya shule, ofisi ya kazi na Uhamiaji, kwa hiyo nitaanzia kwenye karatasi hata kama wewe umeanzia kwenye hela, maana nimeona walimu wenye mshahara mzuri wakiishi roho juu na wenye mshahara mdogo wakilala usingizi wao mzuri tu, na tofauti mara nyingi ni nani anayeshika makaratasi yao.

Hapo kwenye viza ya utalii ndo umenishtua. Mwajiri anayejua anachofanya anakutumia barua na nyaraka za shule, wewe unaomba viza ya kazi inaitwa Non-B kupitia ubalozi wa Thailand Nairobi, ndo unaohudumia na Tanzania, na siku hizi maombi yote yanafanyika mtandaoni. Unaingia nayo, unapewa siku 90, ndani ya hizo siku shule inakutolea kibali cha kazi, alafu Uhamiaji wanakuongezea muda mpaka mwaka. Basi. Kubadilisha viza ya utalii ukiwa ndani ya nchi kunawezekana, sikatai, nimeshawahi kuzishughulikia, lakini kila siku unayosimama darasani kabla kibali hakijatoka unafanya kazi kinyume cha sheria, na ukikamatwa faini ni baht 5,000 mpaka 50,000, unarudishwa kwenu na miaka miwili huruhusiwi kuomba kibali kingine. Ajenti yeye anakuwa amelala kwake. Kwa hiyo mwambie kwa upole kabisa kwamba unasubiri nyaraka za Non-B, kama shule ipo na kazi ipo hawatashindwa. Akianza kukuharakisha, eti nafasi itachukuliwa, tiketi ishalipwa, muache aende zake.

Na nakazania hili kwa sababu. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wameahidiwa kazi Thailand, huduma kwa wateja, mauzo, kompyuta, wakapokelewa vizuri eyapoti ya Suvarnabhumi na gari, wakapelekwa moja kwa moja mpaka Mae Sot mpakani, wakavushwa mto Moei na kujikuta Myawaddy upande wa Myanmar, kwenye majengo ya utapeli wa mtandaoni, pasipoti zimechukuliwa na kazi ni kutapeli watu usiku kucha. Mwanzoni mwa 2025 walitolewa maelfu kwa mpigo, Wakenya na Waethiopia wamo. Sisemi ajenti wako ni wa namna hiyo, ila angalia ramani kabla hujapanda ndege: Korat (ndo jina ambalo kila mtu anatumia kwa Nakhon Ratchasima) iko kaskazini mashariki ya Bangkok, kama kilomita 260, gari masaa manne hivi. Mae Sot iko kaskazini magharibi, karibu kilomita 500. Ukiona ramani ya simu inakuonyesha mnaelekea Nakhon Sawan na Tak jua kabisa huko sio Korat, mkisimama kituo cha mafuta shuka, ingia dukani penye watu na taa, piga 1155, hao ni polisi wa utalii na wanaongea Kiingereza, au 191. Mi ningekuwa wewe hata nisingekubali kupokelewa, ningeenda stendi ya Mo Chit nikapanda basi la Korat mwenyewe, yapo mengi, yanaondoka mfululizo.

Kabla ya safari vyeti vyako vya shahada na transkripti vipigwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje alafu vipite ubalozi wa Thailand, na chukua cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa ya jinai. Kadi ya njano ya homa ya manjano usiisahau, watokao Tanzania wanaulizwa eyapoti. Siku tatu kabla ya kufika unajaza fomu ya kuingia mtandaoni, ni bure, ukiona tovuti inadai hela umepotea njia. Shule nyingi kwa mwalimu ambaye hatoki kwenye zile nchi wanazoziita za wazawa wa Kiingereza wanataka na cheti cha TOEIC, mtihani wa kupima Kiingereza, alama 600 kwenda juu. Utasema mbona nimesoma kwa Kiingereza tangu fomu wani, ndio, na hawajali, fanya mtihani.

Haya, umefika. Mtu wa kwanza wa kumjua vizuri ni mwenye nyumba, kabla hata ya mkuu wa shule. Sheria yao inataka mwenye nyumba aripoti Uhamiaji ndani ya masaa 24 kwamba kuna mgeni analala kwake, fomu inaitwa TM30. Ni wajibu wake, asiporipoti faini ni yake, lakini anayeumia ni wewe kwa sababu siku unaenda kuomba kuongezewa muda afisa anaiulizia, ikikosekana unarudishwa. Sasa kuna wenye nyumba ambao hawajui hiyo fomu, au wanaijua na hawataki serikali ijue wanapangisha. Kwa hiyo swali la kwanza kabla hujaulizia feni wala bafu ni hilo: utaniandikia TM30? Akisita, chumba hicho hata kikiwa na ubaraza unaoangalia milima usikichukue.

Kuna na ripoti ya siku 90. Kila siku 90 unazokaa bila kutoka nchini unawaambia Uhamiaji kwamba bado unaishi palepale. Unaweza kuripoti kuanzia siku 15 kabla mpaka siku 7 baada ya tarehe, ukichelewa zaidi ya hapo ni baht 2,000. Ya kwanza unaenda mwenyewe, zinazofuata unaweza kufanya kwa mtandao siku mtandao wao ukiwa na afya. Alafu ukitaka kuja nyumbani likizo, kabla ya kutoka unanunua ruhusa ya kurudi, baht 1,000 kwa safari moja, 3,800 kama utatoka na kuingia mara nyingi. Hili walimu wanalisahau sana, mtu anaenda Laos wikiendi kupiga picha, akirudi ule mwaka wake wote umefutika kwa sababu ya karatasi ya baht 1,000. Na kupitiliza muda ni baht 500 kwa siku, inaenda mpaka 20,000, na zaidi ya siku 90 wanakufungia kabisa kurudi kwa muda.

Siku ya Uhamiaji yenyewe ngoja nikuelezee maana wengi inawatisha bure. Ofisi inafunguliwa saa mbili na nusu asubuhi, wewe uwe pale mapema kwa sababu namba za foleni zinawahi kuisha, na saa sita mchana wanaenda kula mpaka saa saba, hata kama umebakiza muhuri mmoja utasubiri. Mlangoni kuna bango la nguo: kaptula, kandambili na mabega wazi hapana. Nje ya ofisi au ng'ambo ya barabara lazima kutakuwa na duka la fotokopi, mama mwenye hilo duka anajua kuliko mtu yeyote afisa wa dirisha lipi leo anataka nini. Unamwonyesha pasipoti, anafungua mwenyewe ukurasa wa picha, wa viza, wa muhuri wa mwisho wa kuingia, anatoa nakala, anakupa kalamu ya bluu, na kila nakala unasaini chini, kila moja, hata kama ziko ishirini. Picha ya sentimita 4 kwa 6, fomu TM7 ya kuomba kuongezewa muda, baht 1,900. Ukifika dirishani unaunganisha viganja kifuani unainamisha kichwa kidogo, unasema "sawatdii kha", unakaa kimya anakagua. Akikuambia inakosekana karatasi fulani usibishane kwamba mwaka jana haikuhitajika, au kwamba Bangkok hawaitaki, kila mkoa una mambo yake na anayeamua ni aliyekaa mbele yako. Unatabasamu, unarudi kwa mama wa fotokopi. Nimeona Mzungu mmoja amepandisha sauti pale, akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka ofisi inafungwa, hamna aliyemtukana wala kumjibu vibaya, walimwacha tu akae.

Na hii ndo namna nchi nzima inavyokwenda. Mtu anayepayuka ameshindwa hapohapo, hata kama haki ni yake. Mshahara ukichelewa usiende ofisini kugonga meza, ongea na mwalimu wa Kithai unayefundisha naye, yeye ataongea na mtu wa utawala, mtu wa utawala ataongea na mkubwa, jibu litarudi kwa njia hiyohiyo. Na jifunze kusikia hapana, kwa sababu hawakuambii hapana. Ukiomba kitu ukaambiwa "tutaangalia", kicheko kidogo, alafu habari ikabadilishwa, umeshajibiwa. Kwa mtu wa Songea aliyekuzwa vizuri hili sio geni, wewe mwenyewe hujawahi kumwambia mama mkwe wa kaka yako kwamba wali wake umeungua.

Hela sasa. 25,000 Korat inatosha mtu mmoja, Bangkok ningekuambia utabanwa. Chumba cha apatimenti chenye kitanda, kabati, bafu ndani na kiyoyozi utakipata kwa 3,500 mpaka 5,000, lakini wanataka kodi ya mwezi mmoja mbele pamoja na dipoziti, mara nyingi ya miezi miwili, kwa hiyo usije na mfuko mtupu ukitegemea mshahara wa kwanza, maana huo unalipwa mwisho wa mwezi. Beba ya kukutosha miezi miwili. Soma vizuri kipengele cha umeme, majengo mengi yanakuuzia umeme kwa meta yao, baht 7 au 8 kwa yuniti, wakati bei ya shirika la umeme iko chini sana ya hapo, na mwezi wa nne kule joto linapita 40 utawasha hicho kiyoyozi upende usipende. Maji ya kunywa yako kwenye mashine mitaani, unaweka baht moja unapata karibu lita, nenda na chupa zako. Nguo kuna mashine za sarafu chini ya jengo. Chakula cha kwenye vibanda ni 50 mpaka 60 sahani, na vyumba vingi havina jiko kwa sababu hamna anayepika, watu wote wanakula nje. Kwa mahesabu yangu ukiwa na nidhamu unabakiwa na 8,000 hivi, saa ingine 10,000 kwa mwezi.

Ila angalia mkataba: ni miezi kumi na mbili au kumi? Mwaka wa shule unaanza katikati ya mwezi wa tano, kuna likizo mwezi wa kumi, muhula wa pili unaanza Novemba mpaka mwezi wa tatu. Ajenti wengi wanaandika "mwaka wa shule" wewe unasoma "mwaka", alafu mwezi wa nne unakuta hamna mshahara na kodi ya nyumba haijui likizo. Uliza pia mwajiri kwenye kibali cha kazi ni shule au ajenti, maana huyo ndo mwenye muda wako wa kukaa: siku kazi inapoisha na kibali cha kukaa kinaisha, sio wiki ijayo, siku hiyohiyo. Ukitaka kuhama shule lazima tarehe zipangwe zigusane. Kama ajenti anakukata mshahara, mwambie aandike anakukata kwa ajili ya nini, hifadhi ya jamii asilimia 5 ina kiwango chake cha juu na unapewa hospitali ya kutibiwa, shule binafsi zina mfuko wao tofauti. "Gharama za uendeshaji" mi siijui ni nini na wao pia hawaijui.

Sasa lile ulilosema nisikufiche. Utaangaliwa. Korat sio kijiji, ni mji mkubwa, lakini Waafrika weusi ni wachache na watoto watataka kushika nywele zako, wazee watakuangalia kwenye basi bila kupepesa, saa ingine kiti cha pembeni yako kitabaki kitupu mpaka mwisho wa safari. Duka la dawa lina rafu nzima ya mafuta ya kung'arisha ngozi na binti wa dukani anaweza kukupendekezea moja akiwa anadhani anakusaidia. Kwenye kazi ndo panauma zaidi: Mzungu wa Ulaya ya Mashariki mwenye Kiingereza cha kuungaunga anaweza kulipwa zaidi yako wewe mwenye shahada ya ualimu, kwa sababu wazazi wanalipia sura kwenye picha ya shule. Matangazo mengine yanaandika wazi wanataka watu wa nchi gani. Bangkok, hasa mitaa ya Nana kule Sukhumvit, polisi wanawasimamisha Waafrika kuliko wengine, wanataka pasipoti, wapo waliopimwa hadi mkojo pale barabarani. Tembea na nakala ya pasipoti na ya muhuri wa mwisho, na picha yake kwenye simu.

Upande wa pili pia ni kweli. Ukishakuwa mwalimu, mtaa mzima unakuita "khru", mwalimu, na huku mwalimu bado ni mtu. Mwezi wa sita kuna siku ya wanafunzi kuwaheshimu walimu, wanakuja na visahani vya maua wanapiga magoti mbele yako mmoja mmoja, na wewe mgeni umo kwenye mstari pamoja na wenzako, hawakubagui hapo. Kila asubuhi saa mbili kamili bendera inapandishwa na wimbo wa taifa unapigwa, na saa kumi na mbili jioni tena, hata sokoni na stendi watu wanasimama, nawe simama. Usitegemee kumfelisha mtoto, hawafeli, wanapewa mtihani mwingine mpaka wapite, usianzishe vita na hilo. Vaa sketi inayofunika magoti, Jumatatu walimu wengi wanavaa njano. Kitambulisho cha shule kivae shingoni hata ukienda sokoni, miezi ya mwanzo kinakusaidia sana, mtu anayekuangalia akikiona uso unabadilika.

Kuna kitu kitakurahisishia wewe kuliko hao Wazungu: huku nao hawaitani majina matupu. Aliyekuzidi kidogo ni "phi", mdogo ni "nong", mama wa makamo ni "pa", mzee wa kiume ni "lung", bibi ni "yai", iwe dereva, iwe muuza ndizi. Wazungu wanachukua miaka kuzoea, wewe hilo umelelewa nalo. Na saa za usiku wanahesabu kama sisi, saa moja usiku kwao ni thum ya kwanza, saa mbili ya pili, hivohivo mpaka saa tano, mchana ndo mahesabu yao yanaenda kwingine. Mwaka pia wana wao, wanatangulia kwa 543, ukikuta maziwa yameandikwa mwisho wa matumizi 2569 usishtuke, ni 2026.

Na usidhani hawaijui kwenu. Waulize wazee wa Tunduru, miaka ya 90 Wathai walikuja mpaka huko kununua mawe, na pale Chanthaburi, mji wa vito upande wa mashariki wa Bangkok, wafanyabiashara wanaitamka Songea kama jina la jiwe, yakuti samawi za kwenu zilipita kwenye matanuri yao ya kuchomea mawe. Siku ukitaka kuona Waafrika wenzio wamekaa kwenye meza za mawe wanapatana bei kwa kikokotoo, nenda Chanthaburi mwisho wa wiki. Na Pratunam Bangkok utakutana na kina mama wa Kariakoo na Eastleigh wanafunga mabelo ya nguo, hapohapo ndo utapata wa kukusuka, maana Korat msusi wa nywele zetu ni shida. Nywele za kusukia njoo nazo.

Chakula usiogope. Kibanda unachokichagua karibu na nyumbani ndo kitakufanya uwe mtu wa mtaa, kwa hiyo chagua kimoja urudi hapohapo. Unakaa kwenye stuli ya plastiki, mezani kuna vikopo vinne: sukari, pilipili kavu ya unga, siki yenye pilipili, na mchuzi wa samaki wenye pilipili mbichi. Unaagiza "khao kaphrao kai khai dao", kuku wa kusaga na majani yanayofanana na mrihani, wali, na yai la kukaanga juu lenye kingo zimekauka, na unasema "mai phet", bila pilipili, atakuwekea pilipili mbili badala ya kumi. Mara ya tatu hutaagiza tena, yule pa mwenye kibanda atakuona tu anaanza kukaanga, na atakuuliza umelipwa mshahara, umeolewa, una miaka mingapi. Usikasirike, anataka kujua akuite nani. Isan wanakula wali wa kunata, unafinyanga tonge kwa vidole unachovya kwenye mboga, mkono wako utaelewa bila kufundishwa. Nazi wanakamua sokoni asubuhi, mchicha upo unaitwa phak khom, badala ya sukuma chukua phak khana. Unga wa sembe ndo kazi, watu wanasonga kwa semolina au wanaagiza Bangkok. Kama wewe au mgeni wako ni Mwislamu angalia alama ya halali, nguruwe anaingia sehemu nyingi hata kwenye supu. Na kama ni wa kanisani, Korat ni makao ya jimbo katoliki, misa ni kwa Kithai ila utajua mko wapi.

Mambo ya hatari machache niyapitie haraka. Familia ya kifalme usiiongelee, vizuri wala vibaya, mezani wala mtandaoni, kifungu cha 112 ni miaka 3 mpaka 15 kwa kila kosa, na usikanyage noti ikikuponyoka maana ina sura ya mfalme. Sigara za umeme zimepigwa marufuku tangu 2014 hata kama utaona watu wanavuta. Akaunti yako ya benki usimwazime mtu hata Mtanzania mwenzio anayelia, matapeli wanazitafuta sana, sheria ya 2023 inaweka mpaka miaka 3 jela au faini ya laki tatu baht, na ndo maana benki zimekuwa ngumu kumfungulia mgeni akaunti, nenda na mtu wa shule na kibali cha kazi. Mtawa wa Kibudha wewe mwanamke usimguse wala usimpe kitu mkononi, weka chini au mezani achukue. Kichwa cha mtu usikishike, hata cha mtoto, ijapokuwa wao chako watashika. Pikipiki utashawishika kukodi kwa sababu wanaendesha kushoto kama sisi, barabara za Thailand ni kati ya zinazoua sana duniani, bila leseni halali bima haikulipi shilingi. Kuanzia mwezi wa pili mpaka wa nne mashamba yanachomwa na hewa inakuwa nzito, nunua barakoa nzuri. Na pakua LINE kabla hujafika, huku WhatsApp hamna anayeifungua, ratiba ya shule, mwenye nyumba, hadi muuza maji wote wako humo, kulipa ni kwa kuskani tu.

Ubalozi wetu hauko Bangkok, Watanzania tunahudumiwa na wa Kuala Lumpur, Kenya ndo wana wao Bangkok. Kwa hiyo ukipoteza pasipoti ni safari, tunza.

Kwa sasa fanya hivi: mwandikie ajenti leo, muombe jina la shule kwa Kithai, jina la mwajiri litakaloandikwa kwenye kibali cha kazi, miezi inayolipwa, na nani anashughulikia Non-B. Jina la shule ukilipata nitumie, nitapiga simu niwaulize kwa Kithai kama wanakujua. Mkataba ukiutuma funika namba ya pasipoti.